Chungu cha Mlau na Bangili za Somoe

Dhahabu huvusha, jembe hufikisha.

Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Tausi, wewe umeuza ufuta wako wa kwanza na roho yako iko kwenye mkufu. Seifu, wewe unamcheka dada yako kwamba anataka kulivaa shamba shingoni. Mmebishana tangu asubuhi, nikawatupia methali ili mnyamaze, na badala ya kunyamaza mnauliza imetoka wapi. Haya, pepeteni huku mnasikiliza, maana ufuta haungoji hadithi. Methali ilianza hivi.

Zamani, kabla ya daraja, Mto Rufiji ulipokuwa ukivukwa kwa mtumbwi na dua, bondeni palikuwa na kijiji kilichoitwa Nyandete. Watu wake walilima mpunga, na mpunga uliwapenda. Kila mwaka mto ulipanda kidogo, ukalowesha mashamba, ukarudi kwake. Baada ya kupanda, kazi kubwa ya mkulima ilikuwa kukaa juu ya dungu, kibanda kile cha juu ya nguzo ndefu, akawapigia kelele ndege mpaka koo limkauke.

Katika kijiji hicho aliolewa Somoe, akaolewa na Ngwele, mtoto wa Bi Mtupeni. Somoe alikuwa mwepesi wa miguu na wa akili, ila alikuwa na hofu moja aliyokuja nayo kutoka kwao. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa mdogo, mwaka wa njaa, kwenda kukata mkonge huko kaskazini. Alisema, “Msimu mmoja tu.” Mama yake Somoe alimwekea chakula kila jioni mpaka akachoka kumwekea. Kwa hiyo Somoe aliingia kwenye ndoa akiamini kwamba njaa ndiyo inayowatenganisha watu, na dawa ya njaa ni akiba.

Hapo alikutana na mama mkwe aliyeamini hivyo hivyo, lakini kwa njia yake. Bi Mtupeni alikuwa mjane, mkali wa ulimi, na juu ya moto wake, kwenye uchaga, alikuwa na chungu kikubwa kilichomeguka mdomo upande mmoja, kimezibwa kwa udongo na majivu. Ndani mlikuwa na mahindi, kunde na mbegu za maboga. Kiliitwa chungu cha mlau. Kila mwaka Bi Mtupeni alikifungua, mbegu za zamani zikapikwa, akatia mpya, akaziba tena. Mbegu hizo hazikupandwa. Zilikuwa zinausubiri mwaka ambao mto ungekasirika na kuumeza mpunga wote. Mto ukishakula hushiba, ukarudi nyuma na kuacha tope jeusi, na katika tope hilo mtu mwenye mbegu mkononi huvuna bila kungoja mvua. Kilimo hicho cha kwenye tope ndicho mlau. Kina sharti moja, kwamba tope halikungoji. Jua likilipasua hujapanda, umekosa.

Mafuriko ya namna hiyo Somoe aliyasikia masimulizini tu. Alichokiona kwa macho kila mwaka ni sonara.

Sonara alifika baada ya mavuno, mtu mpole wa pwani, na kisanduku chake, mivukuto yake na mizani ndogo inayokaa kiganjani. Dhahabu aliipima kwa mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi, na alipokea chochote kinacholika. Mavuno yakiwa mazuri, mwanamke wa Nyandete alipata herini. Yakiwa mazuri sana, alipata bangili. Wala msidhani walikuwa wajinga. Mpunga huliwa na panya na huliwa na wadudu. Mbuzi hufa. Fedha ya karatasi huliwa na mchwa, na isipoliwa na mchwa huliwa na shemeji. Dhahabu adui yake ni mwizi peke yake, na mwizi wa Nyandete angejulikana kabla hajafika kwake.

Bi Mtupeni hakununua hata kipini. “Chuma chenye maringo,” alisema.

Somoe alikuwa na herini na bangili moja. Mwaka mmoja binti wa jumbe alikuwa anaolewa, na kwenye ngoma za harusi za Nyandete wanawake walicheza wameinua mikono, bangili zikigongana, na aliyeinua mkono usio na bangili aliimbiwa, “Mkono mtupu haulambwi.” Ilikuwa utani, lakini utani mwingine humlaza mtu macho wazi. Somoe akampelekea sonara mpunga wake wote apate bangili ya pili. Sonara akapima, akaongeza mbegu moja ya mtipitipi, akaitoa, akatikisa kichwa.

“Imepungua, dada. Si sana. Ukipata debe moja la chochote, nakukamilishia.”

Somoe akarudi nyumbani. Ngwele yuko shambani, Bi Mtupeni kaenda kwa jirani. Akaketi jikoni, akakitazama chungu, ambacho Bi Mtupeni alikuwa ameshakijaza na kukiziba mwaka ule. Akajiambia kwamba hii siyo kuuza, ni kuihamisha akiba kutoka juu ya moto kuja mkononi. Mto haukuwa umekasirika tangu Ngwele ananyonya. Na siku ukikasirika, bangili itanunua mbegu, kwani nani atakataa dhahabu? Tena wahenga wamesema akiba haiozi. Akakishusha chungu, akazimimina mbegu kwenye debe, akatia makapi ya mpunga mahali pake, akaziba kwa udongo na majivu vizuri kuliko Bi Mtupeni mwenyewe.

Siku ya harusi aliinua mikono yote miwili. Alifurahi, na tusimnyime furaha yake.

Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa, mto ulipanda kama kawaida yake, kisha ukaendelea kupanda. Asubuhi maji yalikuwa uwanjani, adhuhuri yalikuwa kitandani. Watu wakakimbilia madunguni. Bi Mtupeni alisimama majini akagoma kupanda ngazi.

“Acheni mikeka, acheni masufuria,” alimwambia mwanawe. “Nileteeni chungu changu.”

Ngwele akaogelea mpaka jikoni, akarudi nacho amekibeba kichwani. Bi Mtupeni, akiwa sasa juu ya ngazi, alinyoosha mikono kukipokea. Mikono ile ilikuwa imejiandaa kwa mzigo, na mzigo haukuwepo, ikapaa juu nusura chungu kimponyoke. Akakishika vizuri. Akakitazama chungu, akamtazama Somoe, akakipakata. Somoe alitamani atukanwe. Bi Mtupeni ambaye hakuwahi kuacha nzi apite bila neno, alikaa juu ya dungu lile mpaka kesho yake bila neno.

Kesho yake watu wa vilimani walishuka na mitumbwi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameacha mashamba yao yameota magugu, na walijua kwamba bonde zima linakwenda kula kwao. Mwenye mtumbwi alisimama chini ya dungu akauliza kwa upole, “Mna chochote?”

Mpunga ulikuwa chini ya maji. Mbuzi walikuwa wamekwenda na maji. Majembe yalikuwa yamezama topeni. Somoe akavua herini zake zote mbili akamtilia kiganjani, wakavuka. Bi Mtupeni alikaa mbele kabisa, chungu mapajani, akiyatazama masikio matupu ya mkwewe. Chuma chenye maringo kilikuwa kimemtoa majini.

Sasa hapa, Seifu, ungefunga hadithi ukasema Tausi ameshinda. Pepeta.

Huko vilimani walijenga kibanda cha majani pamoja na wenzao wa bondeni. Siku za mwanzo walilishwa na wenyeji, kisha wenyeji nao wakaanza kutazama vyungu vyao. Somoe akavua bangili ya kwanza akamtafuta sonara, ambaye naye maji yalimkuta njiani akakwama huko huko. Alimkuta amekaa kizingitini, mizani ameifunga kwenye kitambaa.

“Bangili hii wewe mwenyewe uliniuzia kwa mpunga uliojaza ghala,” Somoe alimwambia. “Nipe basi unga wa thamani hiyo.”

Sonara akaipokea, akaipima kwa heshima, akamrudishia.

“Dhahabu ni ile ile, dada. Haijapungua hata mbegu moja. Waliopungua ni wanunuzi. Bonde zima limekuja kuuza bangili wiki hii, na hakuna aliyekuja kuuza unga. Mimi mwenyewe nimelala na njaa na kisanduku cha dhahabu chini ya kichwa.”

Mwisho wakapata mwenyeji aliyeichukua bangili kwa kapu la unga. Kapu lile liliwavusha siku kadhaa, na Somoe alishukuru, lakini alipokuwa akisonga ugali wa kwanza machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

Kisha habari ikapanda kutoka bondeni kwamba mto unarudi nyuma. Tope limeanza kuonekana, jeusi tii. Wale waliookoa vyungu vyao vya mlau wakaanza kushuka, wanawake kwa wanaume, wakiimba. Bi Mtupeni aliwatazama wakipita. Chungu chake kilikuwa kimekaa pembeni ya kibanda, bado kimezibwa.

Jioni ile Ngwele alisema, “Hatuna mbegu, hatuna jembe. Nitakwenda mkonge. Msimu mmoja tu.”

Somoe alimkumbuka baba yake. Maneno yalikuwa yale yale, kama kwamba wanaume wote hufundishwa mahali pamoja. Hakulala vizuri, na kulipopambazuka akaishika bangili ya pili, ile ya harusi, ile ya mbegu, akaenda kwa Mama Mkwinda.

Mama Mkwinda alikuwa mjane wa kilimani mwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moto, meusi kwa moshi, mafungu kwa mafungu. Alikuwa na jipu mguuni na hasira ya siku nyingi. Somoe alimwamkia, akampa bangili aitazame.

“Nzuri,” alisema Mama Mkwinda. “Sasa niifanyie nini?”

“Ni dhahabu, mama. Nipe mbegu zinazolingana nayo.”

“Nikiivaa, magugu yataogopa?” Mama Mkwinda alinyoosha kidole nje, kwenye shamba la mihogo ambalo mihogo yake haikuonekana. “Vijana wangu walishinda na mitumbwi kuwaokoa nyinyi, mimi huu mguu. Nusu ya mihogo yangu imeshamezwa. Jana nimeletewa bangili, juzi mkufu. Hakuna aliyeniletea jembe. Njoo na jembe mwanangu, unilimie, utaondoka na mbegu mpaka ushindwe kubeba.”

Somoe akarudi mbio. Alijua mahali jembe lilipo, kwa mhunzi wa chini ya kilima, ambaye alikuwa na majembe mapya yamepangwa ukutani na binti anayekaribia kuolewa. Watu wengi walipita hapo wakitafuta chakula, wasimtazame. Lakini Ngwele alipoambiwa alikunja uso.

“Bangili hii ndiyo pekee iliyobaki,” alisema. “Mwaka jana ilikuwa na thamani ya majembe ya kijiji kizima. Leo utapewa matatu. Ni kuitupa, Somoe. Tuishike. Maji yatakauka, watu watasahau, bei itarudi. Akiba haiozi, si ulikuwa ukiniambia wewe?”

Ngwele hakukosea hata neno moja. Bei ingerudi, na kweli ilirudi baadaye. Somoe alisimama akiizungusha bangili mkononi, na moyo ulimuuma kwa sababu aliipenda.

“Haiozi,” alisema. “Lakini tope linakauka.”

Ndipo Bi Mtupeni, aliyekuwa amekaa mlangoni na chungu chake, akasema neno lake la kwanza refu tangu dungu.

“Nenda kachukue majembe, mkwe wangu. Matatu yanatosha. Na mimi nina mikono.”

Wakalima kwa Mama Mkwinda. Walilima alfajiri kabla jua halijawa kali, wakapumzika, wakalima tena, na Mama Mkwinda aliketi kwenye kivuli cha nyumba yake, mguu juu ya kigoda, akiwaonyesha magugu waliyoyaruka. Siku moja Ngwele alipokwenda kuchota maji, Somoe alisimamisha jembe lake karibu na la Bi Mtupeni.

“Mama,” alisema, “mbegu za mlau niliziuza. Ndizo zilizokamilisha ile bangili. Nilitia makapi.”

Bi Mtupeni aliendelea kulima tuta lake mpaka mwisho, akageuka, akarudi.

“Nilijua nilipokishika chungu.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema saa ngapi? Juu ya dungu nilikuwa na hasira, nikaogopa ningekusukuma majini. Asubuhi yake ukavua herini kunilipia nauli. Nikakaa mtumbwini nikajiuliza, mtu aliyekuvusha kwa masikio yake, unaanzaje kumtukana?” Alijifuta jasho kwa kanga. “Mimi nilizoea kusema dhahabu si kitu. Kama wote tungekuwa kama mimi, tungekuwa bado tuko juu ya dungu lile na chungu chetu, ndege wanatucheka. Ila wewe nawe ulichukua mbegu ukaifanya pambo. Hapo ulinikosea, na nimekusamehe, ulime.”

Somoe alilia, safari hii bila kusingizia moshi, kisha akalima.

Mama Mkwinda alitimiza ahadi yake. Mahindi, kunde, mbegu za maboga, akatia na za ufuta juu yake bila kuombwa. Walipozibeba kushuka bondeni, tope lilikuwa limeanza kufanya ngozi juu, na pembeni mwa mto limeshapasuka. Lakini katikati, mahali shamba lao lilipokuwa, mguu bado ulizama mpaka kwenye kifundo. Walipanda wote watatu kwa mstari, Ngwele akitoboa, Bi Mtupeni akitia mbegu, Somoe akifukia. Hawakusimama kula. Jioni mahali pa mwisho palipolowa pakawa pamepandwa, na Ngwele akauegemea mpini wa jembe lake akatazama kaskazini kidogo, kisha akamuuliza mkewe kama kuna ugali.

Hakuzungumzia mkonge tena. Mahindi ya mwaka ule yalizidi kimo cha mtu aliyesimama, na maboga yalitambaa mpaka juu ya nguzo za madungu yaliyobomoka. Wenzao waliobaki kilimani wameshika bangili zao wakingoja bei, wengi walikuja kuomba mahindi kwa Somoe, akawapa, maana alikujua kungoja kule.

Ikaja harusi nyingine. Somoe aliinua mikono, haina kitu, na masikio hayana kitu. Wanawake wawili watatu wakaanza kwa utani, “Mkono mtupu haulambwi.” Kabla wimbo haujashika, Bi Mtupeni akaingia katikati ya ngoma, akaushika mkono wa mkwewe akaugeuza kiganja juu, malengelenge yote yaonekane.

“Mkono huu ulikuwa na dhahabu,” alisema. “Dhahabu ilituvusha. Jembe likatufikisha. Anayetaka kuuimba auimbe hivyo.”

Wakauimba hivyo. Waliuimba harusi ile, wakauimba kwenye kulima na kwenye kuvuna, wimbo ukapungua maneno kama kawaida ya nyimbo, mpaka yakabaki haya manne.

Sonara alirudi mavuno yaliyofuata, akaweka kisanduku chake mahali pale pale. Watu walidhani Nyandete haitamtazama tena. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mtupeni. Alikuwa ameshajaza chungu cha mlau, ameshakiziba, ameshaweka jembe la akiba juu ya paa. Alileta mpunga uliobaki baada ya hayo.

“Nitengenezee herini,” alisema. “Ndogo. Za mkwe wangu, kwa siku ya maji.”

Sonara akafungua mizani, akatoa mbegu zake za mtipitipi akaziweka upande mmoja. Bi Mtupeni alizitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

“Kumbe na wewe,” alisema, “huwezi kuanza bila mbegu.”

Basi, Tausi, hakuna aliyekukataza mkufu. Seifu, hakuna aliyekwambia dada yako ni mjinga. Ile herini moja unayoivaa Idi, Tausi, ni ya zile alizonunua Bi Mtupeni, na nyingine ilikwenda kwenye nauli ya kumpeleka babu yenu hospitali, na alirudi akiwa mzima. Na chungu kile kilichomeguka mdomo ndicho kinachokugonga kichwa, Seifu, kila ukiingia jikoni bila kuinama. Nendeni mkakishushe. Ufuta mzuri zaidi wa mwaka huu utie humo kwanza, Tausi, uzibe. Kisha tazama kilichobaki, na jembe lako kama bado lina makali, ndipo uende kwa sonara ukiwa na moyo mweupe. Dhahabu huvusha, jembe hufikisha.